Chapa Niliyoikwangua Nyamirambo

Kigali, 1992

Dada Mwajuma, shikamoo. Mwili wangu mzima, ila nina aibu ambayo siwezi kumwambia mwingine.

Mfanyabiashara niliyekuja naye alinipeleka Nyamirambo kwa mjane mmoja, Mama Espérance, mwenye rupia ya fedha ya zamani iliyogongwa chapa ya pili juu ya ile ya kwanza. Mama alisema chapa hiyo ni ya kale, mfanyabiashara akasema ni ya kughushi. Nikaulizwa mimi, sonara. Kwa kujitia ujuzi nikatoa tupa, nikaikwangua bila kuomba ruhusa. Fedha ilikuwa safi, lakini nusu ya chapa ilifutika, na sasa hakuna atakayejua ukweli.

Mama aliichukua, akaitazama. Halafu akasema, "Iko ya baba yangu. Hata kama iko ya uongo, alinipa yeye."

Nilimwomba radhi. Akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaniwekea isombe, kisamvu chao, na ndizi. "Kula, umetoka mbali."

Mvua ilikuwa kubwa, hata kuondoka sikuweza. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Nibusie watoto. Nimewakumbuka wote, na wewe zaidi.

Mdogo wako,
Idi