Shikamoo, Maktaba

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako akirudi shule, mpashie chakula, asile cha baridi.

Asubuhi uliponiamkia "Shikamoo, Maktaba," nilicheka, nikajua ni utani wako. Wewe umeshatoka kwenda dukani, mimi nimeshavaa viatu, ndipo nafungua simu na kuona. Jana usiku uliniandikia ukiwa chumbani: "Mama, matokeo yametoka. Nimefeli. Njoo." Simu ikakujibu: "Ndugu msomaji, maktaba imefungwa. Tutakuhudumia saa za kazi."

Ni yale majibu ya kujituma yenyewe kwa wasomaji, tuliyoambiwa kazini maktaba tuyaweke kwenye simu. Niliyaweka mwenyewe, nikajiona fundi, kumbe yanamjibu kila mtu. Nami nilikuwa jikoni naosha vyombo, simu iko chaji. Si ungeniita tu! Lakini najua, kuna siku mdomo huwa mzito.

~~Mchana nitakutumia ujumbe.~~ Hapana. Mchana naomba ruhusa, nakuja mwenyewe. Usitoke tena.

Hilo la kufeli tutalitafutia dawa. Kinachoniuma ni ile "Asante" uliyoandika chini ya majibu yale. Nami nikapita mlangoni kwako nikinyata, nikidhani umelala.

Mama yako