Mgongo Usiogusa Mchanga

Tokyo, 10 Januari 1965

Mke wangu Mwanasha,

Salamu zangu zikufikie wewe na Asiya wetu. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia. Judo nimeikuta si mieleka ya Munje. Huku mtu hufundishwa kuanguka kabla ya kuangusha, na mimi unanijua, mgongo wangu haujagusa mchanga tangu ujana. Nikishikwa najikaza, juzi bega likateguka. Mwalimu amenitoa kwenye majamvi mpaka nikubali kujifunza kuanguka. Mbrazili na Mfaransa walioanza pamoja nami wanaanguka kutwa wakicheka. Mimi siwezi. Meli inaondoka mwisho wa Machi. Sema njoo, nitakuja. Barua hii usimsomee mama.

Mumeo,
Baba Asiya

Munje, 2 Februari 1965

Baba Asiya,

Salamu zimefika, nasi tu wazima kwa rehema ya Mola. Pole ya bega. Likande kwa maji ya moto. Asiya ameota jino la pili, halali mpaka abebwe. Mchana nalima mihogo, jioni namkanda mama yako miguu, na mimi wa kunikanda yuko Japani.

Mama nilimsomea nusu tu. Nusu ya pili ameijaza mwenyewe: kisimani amewaambia wanawake umeshawabwaga Wajapani kumi. Kadzo jirani akamwuliza, "Kumi tu, bibi? Wengine wamekimbia?"

Natamani uje hata kesho. Lakini sisemi. Ukirudi kwa kuuogopea mgongo, utakaa barazani umenuna miaka, na mtoto wa kulea ninaye mmoja, ananitosha. Hao wenzako nao wametoka mbali, na kwao wana mama. Kaa, uanguke.

Mkeo,
Mama Asiya

Tokyo, 19 Septemba 1965

Mama Asiya,

Hamjambo nyote? Nisamehe kimya changu. Barua yako ilinikasirisha. Meli iliondoka, nami nikabaki nafagia ukumbi na kuwatazama wenzangu.

Mwezi wa tano mwalimu mkubwa, mzee wa miaka sabini na mbili, aliniita nimwangushe. Nikakataa, kwetu mzee haangushwi. Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kola ya vazi lake, akangoja. Nikamwangusha. Mwanasha, alianguka kama leso iliyoteleza kambani. Akapiga jamvi kwa kiganja, akasimama, akaniinamia kwa heshima, mimi mwanafunzi. Kisha tena, mara thelathini. Nikaona haya, nikamwomba aniangushe mimi.

Sasa naanguka vizuri. Lakini mkanda mweusi unataka mwaka mmoja juu ya miwili tuliyokubaliana. Nitabaki mama akiridhia tu. Kwa hivyo msomee yote.

Mumeo,
Baba Asiya

Munje, 14 Oktoba 1965

Baba Asiya,

Twamshukuru Mungu, homa ya Asiya imeondoka na sasa anatembea.

Nimemsomea mama barua zako zote mbili, ile ya Januari sikuruka neno. Aliinamisha kichwa, anatafuna tambuu. Nikadhani ni aibu imemshika.

"Huyo mzee, mara thelathini?"

"Ndiyo, mama."

"Na mgongo wake?"

"Mzima."

"Nani humkanda?"

Nikasema sijui. Tangu asubuhi anapika mafuta ya nazi ya kumpelekea. Nimemwambia chupa haiingii katika barua. Ameniuliza basi hiyo posta ina kazi gani.

Mwaka amekupa. Na mimi nimekupa, ingawa mimi hukuniomba.

Mkeo,
Mama Asiya