Mwenzangu si Kornel

Kwa kaka Rafaeli, Muze.

Shikamoo kaka. Ukiitikia marahaba, itikia kimoyomoyo, maana shemeji Monika akijua kuna barua atataka asomewe. Watoto hawajambo? Joto la huko bondeni mnalionaje? Huku Sumbawanga baridi inatafuna masikio, ulezi umeshavunwa, na mimi ni mzima kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Hapo kiunoni ndipo afya yangu inapoishia, na ndiyo sababu sikupiga simu. Simu yako anapokea shemeji.

Unanijua. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kijiweni hakuna dereva wa bodaboda anayenishinda kona wala maneno. Abiria wa kike wananigombania. Sasa dume hilohilo, tangu Pasaka, jogoo hapandi mtungi. Asnath analala amenipa mgongo, mimi natazama mabati.

Cheka, ukimaliza uendelee kusoma. Nilianza na mzizi wa sokoni, wa kuchemsha na maziwa. Nikaharisha tu. Kitunguu saumu na asali vikaninukisha hadi abiria wakahamia kwa Kornel, mshikaji wangu wa kijiweni. Kisha nikanunua vidonge mpakani Kasesya kwa kijana anayevivusha toka Zambia ndani ya soksi. Nikameza viwili kwa mpigo, maana mimi si mtu wa kimoja. Kaka, kichwa kilitaka kupasuka, moyo ukagonga kama injini iliyoishiwa oili, na mke wangu wa ndoa nikamwona wa bluu. Kule chini, kimya.

Nikaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akanipima presha na sukari, akauliza kama nakojoa sana. Nikamwambia nawashinda madereva wote. Akasema hilo si la kujisifia: sukari imepanda, na sukari inaharibu mishipa inayopeleka damu huko. Akanipa dawa za sukari, akanikataza soda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Akasema vidonge vya kazi ile vipo vya halali, ila kwa cheti, akishajua moyo wangu ukoje. Vya kwenye soksi hakuna ajuaye kilichomo, na anayetumia dawa za moyo vinaweza kumuua. Akaongeza kwamba mawazo nayo yanachangia, hivyo nirudi na mwenzangu.

Nikarudi na Kornel.

Daktari akavua miwani, akauliza kama ndiye huyu. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiye, hatufichani kitu. Kornel alipoelewa alitoka mbio akasahau helmeti. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akasema mwenzangu ni mke wangu, na asipojua nitakuwa nameza dawa pamoja na uongo.

Hapo ndipo nimekwama. Wajomba wa Asnath wanatoka Mbeya Jumapili kuja kumchukua. Wamesikia nina mwanamke Kasesya. Wewe pia ulinitumia ujumbe wa kunitukana kwa ajili ya huyo mwanamke.

Kaka, hakuna mwanamke Kasesya. Nilimtunga mwenyewe kijiweni, nikampa jina Happyness, nikampa na banda la chipsi karibu na geti la mpaka. Niliona heri niitwe malaya kuliko nijulikane nilivyo. Habari ikamfikia Asnath. Sasa analia kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, nami namtazama tu, mdomo wangu wote huu umekufa. Juzi aliniuliza taratibu kama huyo Happyness anajua kupika. Nikamjibu anajua.

Njoo Jumamosi, nakuomba. Usinisemee, kaa tu mlangoni nisitoroke wakati namwambia. Akiondoka, aondoke akijua. Akibaki, kliniki ni Jumatatu, nitampakia mwenyewe, polepole, bila mbwembwe.

Wasalimie watoto. Shemeji mwambie barua ilihusu mbolea. Kornel ndiye anayekuletea barua hii; ukimuuliza habari za hospitali atakataa kwamba ananijua.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na mwanamke Kasesya,
Zenon.