Plastiki Niliyoiita Maganda

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni fundi wa mikoba, ngozi yangu naitengeneza kwa maganda ya matunda, nayasaga, nayapika, nayaanika kwenye sinia mpaka yashikane, na wifi yangu ndiye anayeipiga picha mikoba na kuinadi mtandaoni, sasa ngozi hii ina madoa na mikunjo yake, lakini wifi huyafuta yote kwenye kompyuta mpaka mkoba unang'aa kama kioo, nikimuuliza ananijibu, "Watu hununua kwa macho, wewe shona tu." Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sayansi alikuja kuchukua mkoba wake, akaugeuza, akaguna, "Mbona una madoa kama ndizi iliyopitiliza? Huu siyo niliouona." Nikaona haya, nikasema nimekosea, huo una kasoro, kisha nikamshonea mwingine kwa plastiki ya dukani, laini, bila doa, nikaapa ni maganda matupu, naye akaukumbatia, na sasa amenialika Ijumaa niwaeleze wanafunzi wake jinsi mkoba ule utakavyooza, tena nipeleke kipande cha mabaki yake wakifukie waone. Wifi anasema, "Peleka kipande cha maganda, nani atajua?" Nifanye nini?

Fundi Mwenye Haya

*

Fundi,

Pole, lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umeshadanganya mara mbili, na uongo wa tatu unaupimia kitambaa. Mwalimu alionyeshwa picha ya kitu kisichokuwepo, ndiyo maana alishangaa. Angeyaona madoa tangu mwanzo, angeyapenda au angekwenda zake, na yote mawili ni haki yake. Wewe ndiye uliyeyaita kasoro.

Usingoje Ijumaa. Kesho mfuate shuleni wakati wa mapumziko, umpelekee mkoba wake wa kwanza, umwambie, "Mwalimu, unaoubeba ni plastiki. Nilikudanganya." Akifoka, mwache afoke. Usimtaje wifi, mkono ulioshona ni wako. Akikuruhusu bado uende Ijumaa, peleka vipande viwili, cha maganda na cha plastiki, wanafunzi wavifukie vyote.

Kuhusu wifi, mwambie kuanzia leo mikoba inapigwa picha karibu na dirisha, na hakuna kinachofutwa. Akikataa, ondoa picha zake zote, upige mwenyewe kwa simu yako. Atanuna wiki mbili, kisha atakuja kukuambia umeishika simu vibaya. Mpishe apige yeye, madoa yakiwa palepale.