Riveti ya Mama Veronika

Kaka Anselmi,

Nimefika kwenu. Nianze na hilo, maana ndilo ungeniuliza kwanza. Nimeteremka hadi Walikale na motokari yetu tuliyoiunda wenyewe, nimevuka madaraja yote ya miti uliyokuwa ukinitisha nayo, nimekaa kwenye nyumba ya mama yako na kula sombe yake ya majani ya muhogo. Wewe umebaki hapa Karuba, mlimani juu ya barabara, na safari iliyokuwa yako nimeifanya mimi. Naandika nikiona haya.

Unakumbuka hali yetu kabla ya Noeli. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri, breki zinashika, na magurudumu tuliyoyatoa kwenye lile lori la maziwa lililopinduka Mushaki yalikuwa yamekaa sawa. Kilichobaki ni sakafu tu. Ukaniambia, "Kaka, tutie mbao, twende kwetu kwa Noeli. Mama anazeeka." Nami nikakujibu kama mwalimu mbele ya darasa: mbao zinakunywa matope, zinaoza, zitailemea injini ndogo kama ile. Tunayo mabati ya aluminiamu ya lori lilelile, tuyapige riveti, Pasaka itatukuta kwa mama yako. Yote niliyosema kuhusu mbao yalikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Tena haikuwa mbao peke yake. Nilitaka watu wakitoka misa wainame, watazame chini ya miguu yetu, waulizane ni mzungu gani aliyefanya kazi ile.

Basi ukakubali, kama ulivyokuwa ukinikubalia mambo mengi.

Riveti haipigwi na mtu mmoja, na sijui kwa nini sikuwahi kubadilishana nafasi na wewe. Wewe ulilala chini ya motokari juu ya gunia, ukikisukuma kile chuma kizito dhidi ya kichwa cha riveti. Mimi nilikaa juu, pakavu, nikigonga mkia wake hadi utandazike na kulibana bati. Mtu wa pori lenye joto, uliyekuwa ukivaa sweta mbili hata mchana, nimekulaza kwenye udongo wa Masisi wakati wa mvua. Ukisha kukiweka chuma sawa unasema, "Piga tu, miye niko." Napiga. Ikipinda hata kidogo, naikata kwa tindo, naitoa, tunaanza upya. Siku moja ulisema kutoka huko chini kwamba riveti zangu zitaingia mbinguni kabla yetu. Nilicheka sana, halafu nikaikata tena ileile tuliyokuwa tumeipiga.

Ulianza kukohoa, nikakuletea chai ya tangawizi. Chai, Anselmi! Kukuambia uinuke kwenye lile gunia, hapana. Muganga wa dispensari alisema ni kifua ulichokuja nacho tangu zamani. Labda. Lakini mimi ndiye niliyelianika gunia lile baada ya mazishi, na najua lilivyokuwa limelowa.

Jioni ile ya mwisho ilibaki riveti moja, kwenye kona ya upande wa abiria. Ulisema tuimalize kesho. Nilinuna. Hukuinuka tena kitandani, na kabla Kwaresima haijaisha tulikuzika.

Tangu hapo mambo yamekwenda hivihivi. Kwaya haina sauti ya chini, Petro anajaribu na sisi tunamvumilia. Mbwa wako amehamia kwangu ila ananidharau, akisikia mlango anatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine. Motokari nimeitia rangi ya kijani uliyoitaka. Ile riveti moja sikuipiga. Mke wangu alijitolea kushika chuma, hata katekista, nikawaambia tundu moja si kitu. Kwa kweli sikuweza kusikia mtu mwingine akipumua chini ya bati lile.

Nilipopata karatasi ya ruhusa ya safari kule teritware, kwenye ofisi za serikali, nikaenda. Njia nzima matope yaliruka kupitia lile tundu, yakatua mbele ya kiti kilichokuwa kitupu.

Mama yako, Mama Veronika, alikuwa ameshasikia. Mchuuzi wa chumvi ndiye aliyempelekea habari, kabla yangu, na hilo pia ni deni langu. Nilimkuta amenyoa nywele, amekaa mlangoni na miguu yake iliyovimba. Alinipa kiti, akanipa chakula, akaniuliza habari za wake na watoto wa watu wote wa Karuba ambao hawajui. Kukuhusu wewe hakuuliza. Nikaona kama nisiposema wakati ule sitasema kamwe, basi nikamweleza yote pale jikoni: mbao, Noeli, tindo, gunia. Hasa gunia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Weye njo ulikatala mbao?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni miye."

Akainuka, akaingia ndani. Siku ile wadogo zako walinitazama kama ng'ombe aliyeingia shambani.

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo nirudi. Akaja akijikokota na fimbo yake, akaizunguka motokari, akaingiza mkono ndani na kuipapasa sakafu, riveti baada ya riveti, hadi kidole chake kikafika kwenye tundu. Akauliza kwa nini pako wazi. Nikamwambia hapo ndipo ulipoachia. Akauliza ulikuwa unalala vipi, kichwa upande gani. Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono.

"Nipe kile chuma."

Nilimsihi, Anselmi. Nilitaja miguu yake, matope, wakwe zake waliokuwa wakitazama. Akanijibu polepole, "Mutoto wangu alilala hapo wakati wa mvua. Miye nitashindwa nini?" Wanawake walitandaza majani ya ndizi, wakamsaidia kulala, na mama yako akaingia chini ya motokari yetu akiwa na chuma chako kifuani. Nilimpa riveti aipenyeze tunduni kutoka chini, nikapanda juu na nyundo. Nilipogonga mara ya kwanza, taratibu, nikiogopa kumwumiza, alisema kutoka chini, "Piga kabisa." Nikapiga kabisa.

Ilipinda. Chuma kilimteleza kidogo, na mkia wa riveti ukalala upande mmoja, vibaya, pale ambapo kila atakayeketi ataona. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye tindo. Nilikuwa nimeshalishika, kaka. Hata siku ile, hata kwa ajili yake.

Akatoka chini, grisi usoni, akauliza, "Imeshika?"

Nikaliweka tindo chini. "Imeshika, mama."

Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikumwomba. Alinawa mikono, akavaa kitenge kingine, akaketi kwenye kiti cha abiria na kuvuta mlango. "Twende. Ukanionyeshe fasi ulimulalisha."

Alivua viatu, na unyayo wake ukakaa juu ya riveti ile kutoka kwenu hadi kwetu. Matope hayakuingia tena.

Ninapoandika haya analala kwenye kitanda chako. Baridi imemshika tangu tulipoanza kupanda milima, na amevaa sweta zako zote mbili. Nimemwambia mke wangu awashe makaa na asiyaache yazimike. Safari hii sitangoja mtu akohoe.

Nakuahidi riveti ile sitaikata. Wakitoka misa wakainama kutazama, wataiona kwanza, waseme wanavyotaka. Nami kila Noeli nitateremka kwenda kumwona mama yako, mvua inyeshe, kazi iwe imekamilika au haijakamilika.

Lala, kaka yangu. Kaburi lako liko juu sana na miguu ya mama haiwezi kile kilima. Kesho asubuhi ukisikia mtu anahema njiani, ni mimi, nimembeba.