Mzee wa Nyuma ya Jiko Adai Mji

Jumatatu, 3 Novemba

Zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kutoka Discovery Gardens limechelewa, Dubai na foleni zake, tai nimeivalia ndani ya lifti. Daftari la wageni, beji, funguo za ghorofa ya nne. Mafundi wa kiyoyozi mara mbili. Kawaida.

Saa nne Milena ameshuka na kompyuta yake. Ni Mserbia, mpangaji wa ghorofa ya nne, anatengeneza gemu na wenzake wawili. Tumezoeana kwa salamu na kahawa. Leo ameniomba nijaribu mlango mmoja tu wa gemu yao. Imetokana na hadithi za kwao: nyumba inayotembea kwa miguu ya kuku, msichana amefungiwa ndani, kila mlango una fumbo lake. Nyuma ya jiko anakaa mzee mdogo mwenye ndevu. Ndiye mlinzi wa nyumba. Hakuna anayemtazama, na yeye anajua kila anayeingia na kutoka. Nimempenda papo hapo. Mwenzangu wa kazi.

Fumbo lilisema hivi: ncha mbili, pete mbili, msumari katikati. Nikajibu mkasi kabla Milena hajavuta kiti. Akanitazama. Kumbe wiki iliyopita watu wanne walishindwa hapo.

Jumatano, 5 Novemba

Saa yangu yote ya chakula nimeimalizia ghorofa ya nne. Milena anataka gemu itoke kwa Kiswahili pia na anataka nitafsiri mimi. Mimi Nekesa, mwenye diploma ya hoteli ambayo haijanifungulia mlango wa hoteli yoyote. Nimekubali kabla ya kuuliza chochote.

Amenieleza kinachomkosesha usingizi. Wachezaji wa majaribio wakifika mlango wa tatu wanakwama, wanakasirika, wanafunga gemu na hawarudi tena. Amejaribu kuwasaidia kwa vidokezo. Wanaona wanadharauliwa. Na gemu inatoka mwisho wa mwezi.

Nikamuuliza, mtu akishindwa anampa mzee nini? Hakunielewa. Nikamweleza mambo ya vitendawili. Mtegaji anatega, mnajibu, mkishindwa anadai mji. Mnampa. Anajisifu alivyopokewa huko, alivyokula, alivyolala, ndipo anawapa jibu. Kushindwa ni nusu ya raha yenyewe.

Alizungusha kijiko kwenye kikombe kitupu. "Rudia hapo kwenye mji," akasema.

Ijumaa, 7 Novemba

Wameweza. Siku mbili tu. Sasa ukishindwa mzee anatoka nyuma ya jiko, anapangusa ndevu, anasema: Nipe mji. Unaandika mji wowote. Nyumba inainuka, inakwenda huko kwa miguu yake ya kuku, mzee anakula karamu, anarudi na jibu. Majisifu yake nimeandika mimi. "Nimefika Arusha, nimechinjiwa jogoo, nyumba ikageuka isitazame." Nilipomtafsiria Milena hilo alicheka hadi akapaliwa.

Tumegombana pia juu ya fumbo moja. Nguo mia, kifungo hakuna hata kimoja. Kwao jibu ni kabichi. Nikamwambia mtu wetu yeyote atasema kitunguu. Akadai kitunguu kinaliza na fumbo halikutaja machozi. Nikashikilia. Mwishowe tumekubali yote mawili, na ninahesabu kwamba nimeshinda.

Jumapili, 9 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Tumekwenda mtaa wa Satwa. Zawadi, ninayeishi naye chumba kimoja, ni mtu wa Tanga na anashona kwenye duka moja huko. Mwenye duka alituruhusu tukae baada ya saa nane. Milena akaja na tableti mbili, mafundi na rafiki zao wakajaa: Wakenya, Watanzania, Waganda watatu.

Mkasi waliujibu kwa pamoja, mmoja wao akiwa ameushika. Kisha mlango wa tatu, ule mbaya. Mama mnene, binti mwekundu, mwana mrefu kapaa mbinguni hakurudi. Wakakuna vichwa. Zawadi ndiye aliyejitolea wa kwanza, akatoa Tanga. Mzee akala Tanga nzima, akarudi na jibu: jiko, moto, moshi. Wakajipiga vipaji vya uso. Baadaye dada mmoja wa Mombasa alishindwa, akasema Mombasa yake haitoki, akatoa Nairobi. Wa Nairobi wakamjia juu, nani kamruhusu. Vyerehani vyote vilisimama kwa kicheko.

Hakuna aliyefunga gemu. Hata mmoja. Milena hajui neno la Kiswahili, lakini alikuwa akijifuta macho kwa kipande cha gauni la mteja.

Sijafurahi hivi tangu nije nchi hii.

Jumatatu, 10 Novemba

Sir Mukasa alikuwa ananisubiri mapokezi. Ni msimamizi wetu, Mganda, hasemi neno mara mbili. Kuna mtu kamwambia mlinzi wake anakaa kwenye ofisi za wapangaji. Ni kosa. Kanuni naijua, nimeitia sahihi. Sikubisha. Kuanzia Jumatatu ijayo nahamishiwa kwenye ghala la bandarini, Jebel Ali. Khalas, imekwisha.

Nimelia chooni dakika tano, nikanawa, nikarudi kwenye daftari. Milango saba bado haijatafsiriwa. Nimeshamwambia binti yangu Nafula, aliyeko Kimilili kwa dadangu, kwamba mama anaandika gemu. Ana miaka kumi na miwili. Amelitangazia darasa zima.

Nina hasira na sir. Na mimi mwenyewe zaidi.

Jumanne, 11 Novemba

Milena amemwendea sir mwenyewe. Sikumtuma. Amekiri kwamba kila mara ni yeye aliyeniita juu, na ni wakati wa chakula tu. Sir akataka kukiona hicho kitu kinachomla mlinzi wake.

Akaketi kwenye meza ya mapokezi, kofia kando. Kiswahili chake ni cha jeshini, anasoma polepole na kwa sauti. Mlango wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu, mama mnene. Dakika ishirini. Wageni wakawa wanajiandikisha wenyewe. Mzee akadai mji. Nikamwambia atoe tu, sir, si aibu.

"Masaka kwetu siitoi," akasema.

Akavaa kofia akaondoka. Kuhusu uhamisho hakusema lolote.

Jumatano, 12 Novemba

Saa mbili asubuhi sir amekuja moja kwa moja mezani kwangu, bila salamu.

"Yule mwana ni moshi. Mama ni jiko."

Nikasema ndiyo, sir. Jibu limemjia akioga. Ametabasamu. Miaka mitatu namjua, leo ndiyo nimeona ana mwanya. Akauliza milango iko mingapi kwa jumla.

Kisha akarudi kuwa msimamizi. Saa za kazi nisipande juu, hata wakati wa chakula. Siku ya mapumziko naweza, lakini kwa kibali. Milena aombe kwa maandishi na yeye atatia sahihi kwamba hana pingamizi. Uhamisho ameufuta. Amesema mlinzi anayejua kufikiri hapelekwi kuhesabu makontena. Nimeandika maneno hayo hapa ili nisije nikadhani niliyaota.

Jumatano, 19 Novemba

Kibali kimetoka. Muhuri wa bluu. Zawadi amekaanga maandazi, tumekula yote tukiwa tumesimama jikoni.

Jumapili, 23 Novemba

Siku nzima ghorofa ya nne, kihalali, na nguo zangu za nyumbani. Mlango wa mwisho umekwisha. Shingo inauma. Nimerudi nikiimba, Zawadi kaniomba ninyamaze. Sikunyamaza.

Jumapili, 30 Novemba

Gemu imetoka juzi. Mwishoni kuna majina manne. Langu ni la nne, herufi sawa na za wengine.

Leo mchana Nafula amenipigia kwa simu ya dadangu. Anacheza kwenye simu ya babake mdogo tangu jana. Mlango wa tano umemshinda, mzee kadai mji. Nikamuuliza ametoa upi. Nilidhani Kimilili, au Bungoma.

"Nimempa Dubai," akasema. "Yote. Ukose pa kukaa, uje."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia likizo ni Aprili, inshallah. Akasema sawa, mama. Hakukata simu. Aliiweka kando akaendelea kucheza kwenye ile nyingine, na mimi nikabaki kitandani, simu sikioni, nikimsikiliza akisoma maneno yangu kwa sauti, neno moja moja, mpaka mlango wa sita ukafunguka.