Tanuri Halizimwi kwa Siku Kumi

Kansas City, 9 Februari

Kwako Corliss, mwanangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti la kushoto linajua theluji inakuja kabla ya redio. Simu yangu hupokei tangu Krismasi, kwa hiyo nakuandikia. Barua haina kitufe cha kukatia.

Jana nilikwenda maktaba kuona michoro ya huo mji mpya wanaotujengea: gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, soko la vioo, tramu mpaka mtoni. Watu wanashangaa kama wako harusini. Nami nikaitafuta kona ya duka langu. Pana mti mwembamba, benchi, na dada mmoja kavaa kaptura anakunywa kahawa pale pale lilipo tanuri la kuchomea nyama la babu yako. Nikamwambia Bi Lavonne, jirani niliyekwenda naye, "Huyu dada atajiunguza makalio." Akacheka mpaka mlinzi akatukodolea macho.

Halafu nikaona chini pembeni herufi mbili ndogo: C.T. Mkia wa hiyo C naujua. Mimi ndiye niliyekufundisha kuiandika, juu ya karatasi ya kufungia nyama.

Nieleze.

Shangazi yako,
Verlene


Chicago, 20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona. Pole na goti.

Ni mimi. Kampuni ninayoichorea ilinipa karatasi yenye mipaka, wakasema kona hiyo itakuwa wazi. Ningeweza kufungua mdomo. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu, kisha nikachora mti. Najijua: nikiogopa, nachora vizuri zaidi.

Lakini nisikilize. Ndani ya soko la vioo kuna kibanda kitakachoandikwa jina lako. Ubao wa babu wenye jina la duka watauhamisha wautundike juu. Utapika kwa gesi, bila kubeba kuni na goti hilo. Wageni watapanga foleni. Si heri hivyo kuliko kubaki peke yako katikati ya vumbi lao?

Usinikasirikie.

Binti wa kaka yako,
Corliss


Kansas City, 27 Februari

Corliss,

Mimi sijambo. Nimekasirika, tena nimekula nikashiba kwanza, ili hasira iwe na nguvu.

Gesi! Babu yako angefufuka, akasikia hilo, akafa tena. Duka lake la kwanza lilikuwa kule inakopita barabara kuu leo. Mwaka 1962 alikuja bwana mmoja wa jiji na mchoro. Nao ulikuwa na miti. Siku ya kubomolewa, babu yako alichota makaa kwa sepetu akayatia kwenye ndoo ya bati, akatembea nayo mitaa kumi na minne. Baba yako na mimi tulikuwa nyuma na kuni mikononi. Ndoo ikamchoma paja. Lile kovu uliliona. Moto unaowaka hapa ni ule ule. Hata siku tuliyomzika tulipokezana kuulisha.

Kibanda cha nini, we mtoto? Kiwanja hiki ni changu, hati iko kabatini.

Ulichora kila kitu, hata kamba ya mbwa. Lakini anga lako ni safi. Moshi umeufuta. Ungeuacha moshi tu, ningekusamehe mti.

Shangazi yako


Chicago, 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kujitetea. Leo nina kingine.

Jana kikaoni kazini nilisikia haya. Jiji linaruhusu tanuri letu la kuni kwa sababu lilikuwepo kabla ya sheria ya moshi. Likikaa siku saba bila moto, ruhusa inakufa, na mpya haitolewi. Wiki ijayo watachimba bomba la maji, na watakuomba kwa upole uzime siku kumi, kwa usalama. Kukutoa hawawezi. Lakini bila moshi huna biashara, na bila biashara utauza mwenyewe.

Nikauliza, "Bomba liko ng'ambo ya barabara. Usalama gani?" Wakafunua ukurasa unaofuata.

Usizime. Wakija na maua, usizime. Barua hii isome popote, mbele ya yeyote. Jina nimeandika kamili, na nakala nimemwekea mkuu wangu mezani.

Binti wa kaka yako,
Corliss Annette Tibbs


Kansas City, 19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Umekula? Mama yako kaniambia wamekufukuza. Asiye na kazi husahau kula, na wewe hata ukiwa nayo husahau.

Walikuja. Bwana mmoja mwenye kofia ya njano, mpole kama mchungaji mpya. "Mama, ni siku kumi tu." Nikamwambia, "Kaa ule kwanza, baba." Nikampa zile ncha za nyama zilizokaukia motoni, mkate mweupe na tango la siki. Alipokuwa analamba vidole nikamuuliza, "Hii utaipata kwenye gesi?"

"Hapana, mama."

"Basi kamwambie aliyekutuma."

Wakaweka uzio barabarani. Wateja sasa wanapitia uchochoroni, wanaruka matope. Hata wale wa maghorofa mapya wapo, na ndio wanaosukumana zaidi. Bi Lavonne kaandika zamu za kulisha moto, kazibandika mlangoni. Leo ni siku ya tisa na hatujazima.

Jumanne saa nne asubuhi baraza la jiji linatusikiliza. Nitaisoma barua yako kwa sauti. Shida ni kwamba zamu ya Jumanne haina mtu; wote wanataka kuniona nikigombana. Kwenye nafasi hiyo nimeandika C.T. Mkia nimeuchora mwenyewe.

Ufunguo uko pale pale.

Shangazi yako


Dukani, Jumanne 23 Aprili, saa tano na nusu

Shangazi,

Shikamoo. Nakuachia karatasi hii ya nyama juu ya meza, maana ukirudi huenda niko nyuma kwenye kuni. Nilipofika mlikuwa mmeshaondoka. Nimeongeza magogo matatu ya mti wa hikori, na nyama nimeigeuza kama ulivyonifundisha, bila kuichomachoma kwa uma.

Mabwana wawili wa uzio walikuja. "Leo mmefunga?"

"Mnaona moshi?"

Wakatazama juu.

"Basi mmejibiwa."

Nimechora upya, geuza karatasi uone. Gurudumu lipo, tramu ipo, soko lipo, sikuvinyima nafasi. Kwenye kona yetu kuna tanuri, na moshi wake unapanda mpaka unapita mbele ya gurudumu. Mti haukupata pa kukaa.

Sijui baraza linasema nini sasa hivi. Likikubali, utakuta moto unawaka. Likikataa, utakuta moto unawaka.

Nimeungua kifundo cha mkono. Usinunue dawa njiani.

Mwanao,
Corliss